Kabla hujamshika nguruwe, uliza choo kiko wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ugani kwenye wilaya zenye nguruwe wengi, kama Mbozi na Mbulu, tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa anayekaa tumboni mwa mtu, mtakutana naye mapema.

Ukifika kwenye kaya, anza na choo. Nguruwe haambukizwi na nguruwe mwenzake. Anapata vifuko vya tegu, yaani tegu wachanga wanaojificha kwenye nyama, kwa kula kinyesi cha mtu aliyebeba tegu tumboni, au kitu kilichochafuliwa nacho. Choo hakuna na nguruwe wanazurura? Shaka iwe kubwa tangu hapo.

Kisha pima ulimi. Nguruwe akishabanwa vizuri, weka kijiti mdomoni, shika ulimi kwa kitambaa, pitisha kidole taratibu upande wa chini. Kifuko ni cheupe, kadiri ya punje ya mchele au zaidi, kinateleza chini ya ngozi. Ukikikuta, anao. Usipokikuta, usimtangaze kuwa salama, maana wenye vifuko vichache ulimi hauwaonyeshi.

Wachuuzi wanakijua sana kipimo hiki. Nguruwe aliyekataliwa mara nyingi hafukiwi, anauzwa kwa bei ya kutupa na kuchinjwa usiku. Kwa hiyo vitisho peke yake havisaidii. Mweleze mfugaji kuhusu oksifendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo, miligramu 30 kwa kilo ya uzito, mara moja. Inaua vifuko vya kwenye nyama, ila asichinje mpaka muda wa kusubiri dawa iishe mwilini upite.

Ninalowaomba zaidi mlishike ni la kifafa. Anayekula kitimoto kibichi chenye vifuko anapata tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni, ndivyo vinavyoleta kifafa, vinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyo kwenye mikono isiyonawiwa ya mwenye tegu, mboga au maji. Ndiyo maana hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu chanzo chake ni hicho. Kijijini utaambiwa karogwa.

Na watakuomba dawa ya minyoo iliyo kwenye begi lako la mifugo, wampe mgonjwa. Kataa kabisa. Albendazoli au prazikwanteli ikiua vifuko vya ubongoni bila uangalizi wa daktari, ubongo unaweza kuvimba na degedege zikazidi. Mwandikie barua ya kwenda hospitali, na utaje kwamba nguruwe wa kijiji hicho wana vifuko, ili daktari afikirie kupiga picha ya kichwa.