Wateja wapo, mbona baa za Uingereza zinafungwa?
Ndugu, usiangalie umati kaunta, angalia gharama. Chukua mhudumu wa wikendi, mtu mzima, anayelipwa pauni 8,000 kwa mwaka. Zamani mwajiri hakumchangia hata senti ya bima ya taifa (makato ya lazima yanayokwenda serikalini), maana mchango ulianzia pauni 9,100. Tangu Aprili 2025 unaanzia 5,000, kwa asilimia 15 ya mshahara unaozidi hapo: pauni 450 kwa kichwa kimoja! Ipo nafuu ya pauni 10,500 kwa mwaka kwenye michango hiyo ya mwajiri, ila baa yenye jiko, kwa wingi wa wafanyakazi, huimaliza mapema. Mwezi huohuo kima cha chini cha mshahara kilifika pauni 12.21 kwa saa, na huko England punguzo la kodi ya majengo ya biashara likashuka kutoka asilimia 75 hadi 40. Inauma, kwani vijijini baa ndiyo baraza la wanakijiji.