Siku 90 za shirika Marekani: yamalize haya kabla faili halijafungwa

Familia ya wakimbizi inayofika Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka imezoea shirika la aina moja: lile linalokuwapo mwaka baada ya mwaka, likigawa chakula na kuendesha zahanati na shule. Shirika linalokupokea katika miji ya Marekani kama Louisville, Boise au Grand Rapids ni la namna nyingine kabisa. Kazi yake ya mapokezi imepewa siku 30 hadi 90, na hesabu inaanza siku unayotua. Asiyejua hilo hukaa akingoja, na siku zikiisha hubaki na kodi ya nyumba ya kulipa na karatasi ambazo hazijakamilika. Ushauri wetu wote unatokana na jambo hilo moja: ndani ya siku hizo hakikisha kila kilicho haki yako kimefanyika, na kila unachofanyiwa ujifunze kukifanya mwenyewe.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu 2025. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Tarehe 20 Januari 2025 mpango mzima wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa kwa amri ya rais, na siku chache baadaye mashirika yakaamriwa kusitisha hata huduma kwa waliokwisha kufika. Wafanyakazi wengi waliachishwa, ofisi kadhaa zikafungwa, na kwa mwaka wa fedha wa 2026 kikomo kikawekwa watu 7,500, nafasi nyingi zikilengwa kwa Waafrikana, Wazungu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo anayehitaji ushauri huu leo ni hasa yule aliyekwisha kuingia, na kesiweka wake, yaani mfanyakazi wa shirika anayeshughulikia faili lake, kama bado yupo kazini, anabeba pia mafaili ya wenzake walioondoka. Usingoje akupigie. Mpigie wewe, kisha mtumie ujumbe wa maandishi ili tarehe ibaki, na ukienda ofisini nenda na swali moja au mawili uliyokwisha kuyaandika.

Mapokezi yenyewe yana orodha inayojulikana. Shirika linapaswa kukulaki uwanja wa ndege, kukupeleka kwenye nyumba salama yenye samani za msingi na chakula kilichokwisha kuandaliwa, kukupa nguo za majira hayo na fedha kidogo za mfukoni, kukutembelea ndani ya saa 24 za kwanza na tena kabla ya siku 30, kukuombea kadi ya soshali (Social Security), kuandikisha watoto shule, na kukuunganisha na vipimo vya afya na darasa la Kiingereza. Fedha za mapokezi hutolewa kwa kila kichwa, mara moja tu, na sehemu kubwa huishia kwenye amana ya nyumba na kodi ya mwanzo. Hapo ndipo malalamiko mengi huzaliwa: familia husikia kwamba serikali imetoa fedha kwa ajili yao, haizioni mkononi, ikaamini zimeliwa. Mara nyingi hazijaliwa, zimelipa kodi ya nyumba, vitanda na sufuria. Hata hivyo una haki ya kuuliza. Omba hesabu ya maandishi inayoonyesha kilichonunuliwa kwa jina lako, na usitie sahihi kwamba umepokea kitu ambacho hujakiona.

Kabla ya samani na mengine, angalia karatasi. Fungua mfuko wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) uliosafiri nao, toa I-94, hati inayoonyesha kuingia kwako, usome jina lako herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu ndio tunaoumia zaidi. Mtu anayeitwa Bahati Mapendo Riziki anaweza kukuta jina la katikati limehamia kwenye ukoo, au limekatwa kabisa, na mtoto wake ana ukoo tofauti na wake. Kadi ya soshali hufuata hati za uhamiaji, leseni na akaunti ya benki hufuata zote mbili, kwa hiyo herufi moja iliyokosewa mwanzoni hukukuta tena katika kila dirisha. Kosa la I-94 hurekebishwa na CBP, idara ya forodha na mipaka, wale waliokugongea muhuri uwanja wa ndege, na ni rahisi zaidi kulishughulikia kabla hati nyingine hazijatolewa. Mwonyeshe kesiweka wiki ya kwanza.

Tarehe ya kuzaliwa ina shida yake. Wengi waliandikishwa kambini kuwa wamezaliwa 1 Januari, na hospitali za Marekani humtafuta mgonjwa kwa jina na tarehe hiyo. Akina Furaha wawili wenye 01/01 wanaweza kuchanganyiwa majibu ya vipimo, kwa hiyo taja pia namba yako ya simu au anwani kila mara. Kumbuka pia kwamba huku mwezi hutangulia siku: 03/07 ni tarehe 7 Machi. Na kijana aliyeandikiwa miaka mingi kuliko aliyo nayo anaweza kunyimwa nafasi ya sekondari na kusukumwa kiwandani. Uliza umri wa mwisho wa kusoma katika jimbo lako kabla hujakubali, maana mengi huruhusu mpaka miaka 20 au 21.

Sasa kazi. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayoingia. Ruhusa hiyo inatokana na hadhi yake, wala haingoji kadi. Waajiri wengi hawalijui hilo. Unapoajiriwa hujazwa fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na I-94 inayoonyesha kwamba umeingia kama mkimbizi inakubalika hapo kama stakabadhi ya muda kwa siku 90. Kabla hazijaisha ulete kadi ya ruhusa ya kazi, au kadi ya soshali isiyo na masharti pamoja na kitambulisho cha jimbo. Chaguo kati ya hizo ni lako. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha ulete hati anayoipenda yeye. Akikwambia urudi nyumbani mpaka kadi ifike, mpigie mtu wa ajira wa shirika ukiwa bado mlangoni, azungumze naye.

Kazi ya kwanza kwa kawaida ni ghala, kiwanda cha nyama, kufua mashuka ya hoteli au usafi. Tufanye hesabu ya mfano, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, ni kama dola 2,950 kwa mwezi. Makato ya soshali (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) huchukua asilimia 7.65, kisha kodi ya jimbo na bima, mkononi inabaki kama 2,500. Weka kodi ya nyumba 1,400, umeme na gesi 200, bima ya gari na mafuta 300, simu 100, chakula cha watu sita 800, deni la tiketi za ndege 100. Jumla ni 2,900. Mshahara mmoja umepungua kwa dola 400 kila mwezi hata kabla hujatuma kitu nyumbani. Nambari zitabadilika kulingana na mji, lakini kwa familia kubwa jibu huwa lilelile: watu wawili wafanye kazi, kwa shifti zinazopishana ili mmoja abaki na watoto.

Shifti ya pili huisha saa tano au sita usiku, na basi mara nyingi limekwisha kulala. Kwa hiyo tunasema wazi: nyumba ambayo baba peke yake ana leseni, na baba peke yake anakwenda darasa la Kiingereza, huchelewa mno kujitegemea. Mama aanze pamiti ya udereva mwezi uleule na baba. Baadhi ya majimbo hutoa mtihani wa maandishi kwa Kiswahili. Uliza kabla ya kulipa. Gari la kwanza linunuliwe taslimu, hata likiwa la zamani, kuliko kukopa kwa wauza magari wanaotangaza kwamba hawaangalii krediti, yaani historia yako ya kulipa madeni. Riba yao ni kubwa, na gari huchukuliwa baada ya malipo machache kukosekana.

Siku ya kwanza kazini utapewa fomu ya W-4, inayomwambia mwajiri akate kodi ya mapato kiasi gani. Usiandike kwamba umesamehewa kodi kwa sababu mwenzako amekwambia mshahara utakuwa mnono. Ukifika wakati wa kujaza kodi utadaiwa yote kwa pamoja. Wala usiwaandike watoto waliobaki kambini kama wategemezi, kwa sababu nafuu ya kodi ya mtoto inataka mtoto anayeishi nawe huku na mwenye namba ya soshali. Kodi hujazwa kabla ya 15 Aprili, na vituo vya VITA, vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, hukujazia bure. Mtu anayekuahidi fedha nyingi za kurudishiwa, kisha anakata mamia ya dola, mwepuke.

Deni la tiketi za ndege halina riba na huanza kulipwa miezi sita baada ya kufika. Hukusanywa na mashirika, na malipo yake huingia kwenye krediti yako, kwa hiyo ukilipa kwa wakati ndiyo historia ya kwanza nzuri unayoijenga hapa. Ukikwama, piga simu kabla ya tarehe uombe kiwango kipunguzwe. Kwa kawaida husikilizwa. Kinachowaharibia wengi ni kuhama bila kutoa anwani mpya, bili zikaendelea kwenda nyumba ya zamani.

Misaada ya serikali imebana. Kwa wanaoanza kuistahiki tangu 5 Mei 2025, fedha taslimu za wakimbizi wasio na watoto wadogo hutolewa miezi minne tu badala ya kumi na miwili, na kumkatalia mwajiri kazi inayokufaa kunaweza kuzikata. Sheria ya Julai 2025 iliwaondoa kwenye fudistempu, msaada wa chakula wa serikali, wakimbizi wasio na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Lakini WIC, chakula cha wajawazito na watoto wasiotimiza miaka mitano, bado ipo, na shuleni watoto wenu huweza kula bure. Kama shirika lina programu iitwayo Matching Grant, uliza mapema, wiki za kwanza, maana muda wa kujiandikisha ni mfupi na baadaye mlango hufungwa. Inalipia kodi ya nyumba na bili kwa miezi kadhaa huku ikikusukuma upate kazi haraka, kwa sharti kwamba usichukue msaada mwingine wa taslimu. Kwa mzazi mwenye nguvu za kufanya kazi, tunaona ndiyo njia bora.

Faili la mapokezi likifungwa, si kwamba umeachwa. Huduma za ajira na Kiingereza kwa wakimbizi zinaruhusiwa mpaka miaka mitano tangu ulipofika, hata kama umehamia jimbo lingine. Wengi hawajui, wakabaki ghalani na maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita au mwaka rudi uulize juu ya kozi ya msaidizi wa wauguzi, ambayo kisheria haipungui saa 75 za mafunzo, au leseni ya kulea watoto nyumbani, inayowafaa sana akina mama wenye watoto wadogo. Sehemu zenye akaunti za akiba za IDA, mpango huongeza dola moja kwa kila dola uliyoweka, mpaka 2,000 kwa mtu au 4,000 kwa kaya, kwa gari la kwendea kazini, masomo, biashara au nyumba.

Popote uendapo, hospitali, shule au ofisi ya serikali, mkalimani ni wa bure pale zinapopokea fedha za serikali kuu. Usimtumie mtoto. Na usiseme Kiswahili tu: sema Kiswahili cha Kongo, au Kinyarwanda, Kibembe, Kifuliru, lugha unayoweza kuelezea ugonjwa nayo. Mkalimani wa Mombasa na mgonjwa wa Fizi, Kongo, wanaweza kuitikiana dakika kumi bila kuelewana mahali panapouma. Usipomwelewa, sema papo hapo uletewe mwingine.

Mambo ya uhamiaji yana tarehe zisizongoja. Ukihama, toa taarifa kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10. Wanaume wa miaka 18 hadi 25 wajiandikishe Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Ukitimiza mwaka mmoja unaomba grini kadi kwa fomu I-485, ambayo mkimbizi hailipii. Novemba 2025 waraka wa idara ya uhamiaji uliagiza kesi za walioingia kati ya 20 Januari 2021 na 20 Februari 2025 zipitiwe upya na maombi yao ya grini kadi yasimame. Ukipata barua ya kuitwa, usiende peke yako: mashirika mengi yana wanasheria, au wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, kwa ada ndogo au bure. Eleza yaleyale uliyoyaeleza kambini, na kama kuna kosa lililoandikwa tangu huko, mwambie mwanasheria kwanza.

Mwenye mume, mke, au mtoto asiyeoa wala kuolewa wa chini ya miaka 21 aliyebaki nyuma ana miaka miwili tu tangu alipofika kumwombea kwa fomu I-730, isiyo na ada. Hata kama safari za wakimbizi zimesimama, peleka ombi, kwa sababu muda huo hausimami. Aliyetajwa kwenye mahojiano ya kambini ana nafasi nzuri. Ambaye hakutajwa anahitaji maelezo na ushahidi: cheti cha kuzaliwa, picha, risiti za fedha ulizomtumia, na wakati mwingine kipimo cha DNA. Tuma nakala, asili zibaki kwako, na barua ya kupokelewa itakaporudi ipige picha uihifadhi pia kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.