Ukikwama kwenye herufi, zitamke

Ndugu yangu, hilo fumbo la wenzako wa kijiweni, "M, M, T, N, T, S, S, herufi gani inafuata?", lililokukosesha usingizi wala si gumu. Acha kuhesabu nafasi za alfabeti, wewe hesabu tu: moja, mbili, tatu... Inayofuata ni N, ya nane. Mafumbo mengi ya kijiweni ni herufi za mwanzo za namba, siku au miezi. Kesho walipize kwa J, J, J, J, J, A, kisha nyamaza. (Jibu ni I; anza na Jumamosi.)

Kuhusu ile mistari miwili yenye vichwa vya mishale, ya Mjerumani Müller-Lyer tangu 1889, kwamba upi ni mrefu zaidi, usibishane. Weka rula. Urefu ni sawa, ingawa hata ukishapima jicho litaendelea kukataa.