Uliza Fundi: besi inayomeza ukumbi, na video isiyoshikana na sauti

Fundi, salaam. Bendi yetu ya rege ina watu saba na tunazunguka mikoani na vyombo vyetu. Mazoezini besi inakaa vizuri, lakini kwenye kumbi inavuma mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki. Tukiipunguza, rege inakufa. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Msiipunguze. Punguzeni mahali inapotokea. Besi yenu inatoka kwenye amplifaya ya jukwaani, inatoka kwenye sabufa (spika kubwa za sauti nzito), halafu inaingia kwenye maikrofoni za waimbaji na kutoka tena mara ya tatu. Shusheni amplifaya mpaka imtoshe mpiga besi na mpiga drams tu. Ya ukumbini ipite kwenye boksi la DI (kisanduku kinachounganisha gitaa moja kwa moja) hadi mikisa, meza ya kuchanganyia sauti. Kisha kwenye maikrofoni zote za waimbaji, gitaa la rizimu na kinanda, kateni sauti za chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde). Mikisa nyingi ndogo zina kitufe cha kazi hiyo, kimeandikwa 80 au 100, nacho hukaa miaka bila kuguswa.

Sabufa je? Kama mmeweka moja kulia na moja kushoto, ndiyo maana huyu besi inampiga kifuani na jirani yake haisikii. Wimbi la Hz 60 lina urefu wa karibu mita 5.7. Aliyesimama mahali ambapo sabufa moja iko mbali naye kuliko nyingine kwa mita 2.8 hivi, wimbi moja linapanda jingine linashuka, yanafutana. Ziwekeni pamoja, sakafuni, katikati mbele ya jukwaa, mbali na kona maana kona huongeza mvumo. Na msiilazimishe spika ya inchi 12 kwa kuongeza besi kwenye mikisa: waya mnene wa gitaa la besi ni kama Hz 41, koni, ile karatasi ya spika, itapasuka kabla hamjaupata.

Jambo moja la mwisho. Ukumbi ukijaa, miili na nguo hunyonya zaidi sauti kali, kwa hiyo mlichopima saa kumi jioni kitakuwa kizito zaidi saa nne usiku. Pimeni mkiacha nafasi.

Mwangwi wa dabu (rege ya marudio ya sauti) unagongana na mapigo yetu. Kuna kipimo? (Msomaji, Mombasa)

Gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 75 unakupa milisekunde 800, muda wa pigo moja. Robo tatu yake, 600, ndiyo inayoruka vizuri katikati ya gitaa. Mpiga drams akibadili mwendo, gonga kitufe cha mwendo mara nne kumfuata. Tupa mwangwi kwenye neno la mwisho la mstari tu, si mstari mzima. Marudio yakianza kukua badala ya kufifia, shusha kiasi cha kurudia kwanza, si sauti kuu.

Tulirekodi shoo kwa simu tatu. Picha ina mistari inayopanda na kushuka, na kufika wimbo wa nne midomo imeachana na sauti. (Msomaji, Kigoma)

Hayo ni magonjwa mawili. Mistari ni ya umeme: wetu ni wa Hz 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu iliyoachwa kwenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) na shata 1/60 (kila picha hupokea mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde) haiendani nazo. Weka fremu 25, shata 1/50, uifunge. Taa za LED za bei ndogo hupepesa kwa mwendo wake, na jenereta isiyotulia huongeza balaa. Jaribu shata moja baada ya nyingine kabla watu hawajaingia.

Kuachana ni kwa sababu simu hubadili idadi ya fremu yenyewe. Kabla ya kuhariri, geuza klipu zote ziwe fremu 25 kamili. Rekoda ya sauti iwe kHz 48 (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde). Piga kofi moja mbele ya kamera zote mwanzoni na jingine mwishoni: la kwanza likishikana na la mwisho likiachana, kata klipu wimbo kwa wimbo na ulinganishe upya. Usiamini sauti ya simu ya nyuma. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kutoka mita 17 imechelewa milisekunde 50, zaidi ya fremu moja. Linganisha kwa macho: tazama fimbo ikigusa snea, ngoma ndogo ya drams.

Usitumie pia sauti ya mikisa peke yake. Kwenye ukumbi mdogo drams hujisikia zenyewe, fundi hazipandishi, na rekodi hutoka bila uhai. Weka rekoda ya pili kwenye meza ya fundi, ukihariri isogeze ianze mapema kidogo kufidia umbali, kisha changanya. Rekodi ya Bob Marley ya ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, bila umati unaoimba ingebaki nusu.

Ukihariri wimbo wa mapigo 75, baa moja (mapigo manne) ni fremu 80 kamili, na pigo la tatu, pale drams inapodondoka, huanza fremu ya 40. Badili picha hapo. Na mwonyesheni mpiga rizimu mkono wake! Wapiga picha wengi hung'ang'ania uso wa mwimbaji.

Tunataka video ya mwendo wa polepole lakini midomo iendane na wimbo. (Msomaji, Zanzibar)

Rekodi kwa fremu 50, wimbo ukichezwa mara mbili ya kasi yake, mwimbaji aufuate hivyo hivyo. Ukiirudisha kwenye fremu 25, midomo inarudi mahali pake na nywele zinaelea. Afanye mazoezi ya maneno kwanza. Kwa kasi hiyo ndimi nyingi hujikwaa.