Kanda iliyopotea isikupoteze

Uhakiki wangu wa kwanza wa albamu ya jazi niliuandika usiku mmoja, bando likikaribia kuisha, spika ndogo ya bluetooth ikiwa juu ya friji. Albamu yenyewe ilikuwa Evenings at the Village Gate ya wapiga saksafoni wa Marekani, John Coltrane na Eric Dolphy. Ilirekodiwa klabuni New York mwaka 1961, kanda zikaja kukutwa kwenye maktaba ya umma ya jiji hilo, ikatoka Julai 2023. Nikaona hapo ndipo penye habari. Nikajaza kurasa: kanda, maktaba, miaka 62. Mwishoni nikabandika kwamba besi haisikiki na urekodi ni mbovu.

Nikampelekea mzee mmoja wa Ngarenaro, hapa Arusha, aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi. Nilipomaliza kumsomea alikaa kimya kidogo, halafu: "Sasa kijana wangu, muziki wenyewe umesikia nini?"

Sikuwa na jibu. Akavaa hedfoni zangu, zile za kufunika masikio yote, akafumba macho mpaka chai yake ikaota utando. "Hii maikrofoni ni moja," akasema. "Imening'inizwa juu. Wa drams anaipata yote, wengine wanagombania kilichobaki."

Na ndivyo ilivyokuwa. Fundi sauti Rich Alderson alitumia maikrofoni moja tu juu ya jukwaa, ndiyo maana mpiga drams Elvin Jones anakuja mbele na piano ya McCoy Tyner mara nyingine inasikika kama iko chumba cha pili. Na kuhusu besi, kwenye wimbo wa "Africa" kuna wapiga besi wawili, Reggie Workman na Art Davis. Wawili! Kumbe ile spika yangu ilikuwa imewameza wote.

Kwa hiyo kama unataka kuhakiki albamu, anza na hedfoni, hata za kuazima, na usisome chochote kwanza. Mimi husikiliza mara tatu, siku tofauti, nikiwa na daftari, na najikataza kuandika "unagusa moyo". Naandika nani kaingia, nani kanyamaza, wapi mpigaji karudia kitu mpaka kikageuka kitu kingine. Baada ya hapo ndipo nasoma maelezo ya kava.

Kwenye kava tafuta tarehe mbili, ya kurekodi na ya kutoka, halafu jiulize kilichoiweka kabatini muda wote huo. Chukua Both Directions at Once, ya Coltrane pia. Ilirekodiwa tarehe 6 Machi 1963, ikatoka 2018, na wauzaji wakaiita albamu iliyopotea. Lakini kesho yake tu bendi ileile ilirudi studio kurekodi na mwimbaji Johnny Hartman. Watu walikuwa kazini. Nyimbo mbili humo hazikupewa hata jina, zina namba tu. Ukilijua hilo utaisikiliza kama siku ya kazi, siku nzuri kweli, badala ya kuipigia magoti. Toleo la diski mbili lina "Impressions" mara nne. Mwambie msomaji wako ukweli kama anazihitaji zote. Kwangu mimi mbili zinatosha.

Albamu mpya haina hadithi ya kanda, basi wahakiki wengi hunakili tangazo la kampuni. Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Mpiga saksafoni wa Uingereza, Shabaka Hutchings, alipotoa albamu yake ya 2024 akiwa amehamia zaidi kwenye filimbi, nililalamika aya nzima kuhusu saksafoni. Nilikuwa nahakiki albamu niliyoitaka, siyo aliyoipiga.

Neno jazi nalo lina mitego yake huku kwetu. Arusha Jazz ya akina Kinyonga, waliotoka Tanga na baadaye wakavuka Kenya wakawa Simba Wanyika, ilikuwa bendi ya rumba. Matoleo ya muziki wa dansi wa zamani yakikufikia, usiyapime kwa kipimo cha New York.

Ila kuna mahali tunawazidi wahakiki wa huko. Uhuru Afrika ya mpiga piano Mmarekani Randy Weston, iliyorekodiwa 1960, ina sauti ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, akisoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Mmarekani Langston Hughes. Msikilizaji wa Chicago anasubiri hapo ngoma ziingie. Wewe unaelewa kila neno, na unajua uhuru wenyewe ulikuwa bado mwaka mmoja. Andika hapo, tena kwa kirefu.

Uhakiki ule wa kwanza niliufuta nikaandika upya. Hedfoni bado ziko kwa mzee. Mjukuu wake kamwekea albamu kwenye simu, na kila nikienda kuzidai naambiwa nisubiri, bado anawasikiliza wale wa besi.