Kuchora miti mikongwe na miamba kwa peni (jibu refu, kaeni vizuri)

Mkuu uliyeuliza mbona mbuyu wako hauonyeshi uzee na mawe ya Masasi yanatoka kama viazi, nimeziangalia picha ulizoweka. Mkono unao aisee, maumbo yamekaa. Kinachokuangusha ni kwamba umechora mstari wa nje ukaufunga, alafu ndani ukajaza vijistari vya kusimama, vilevile kwenye mti, vilevile kwenye jiwe, hadi kwenye paa la ile nyumba ya nyuma. Mtu akiangalia hajui lipi gome lipi mwamba.

Mi niko Mtwara mjini na kitu kinachonisaidia kuliko vyote ni kujiuliza kabla sijafungua peni, hiki kitu kimepigwa na nini? Upepo, maji ya chumvi, panga, jua, mchwa? Kila kimoja kinaacha alama zake na alama zina uelekeo, basi peni nayo inaenda uelekeo huohuo. Mengine yote ya vifaa sijui mbinu yanakuja baada ya hapo.

Tuanze na Masasi maana ndo umekwama. Ile milima ni miamba ya jamii ya naisi (mwamba mgumu uliogeuzwa na joto na mgandamizo), ilitengenezeka chini sana ardhini, na vitu vilivyokuwa juu yake vilipolika kwa miaka mingi sana mzigo ukapungua, mwamba ukatanuka na kuanza kubambuka matabaka kwa nje. Ndo maana ni ya mviringo, na ndo maana nyufa zake nyingi zinafuata mgongo wa mlima, hazisimami wima kama ulivyochora. Kwa hiyo chora mistari mirefu iliyopinda, michache, inayolala na mgongo, na pale tabaka lilipobambuka weka ukingo mzito kwa chini yake tu, juu acha karatasi nyeupe. Alafu kuna ile michirizi myeusi inayoshuka, hiyo ni njia ya maji ya mvua ambako mwani na kuvu vimeota, hiyo ndo mistari pekee inayoruhusiwa kushuka wima na wengi wanaisahau kabisa. Ukiiweka hata kama hujamaliza picha, mtu wa Masasi ataujua mlima wake. Na chini kabisa penye mawe yaliyovunjika hapo kona ziwe kali, usiyazungushe, mana hayo yamekatika juzi ukilinganisha na mlima wenyewe.

Sasa shuka pwani, hapa Shangani ya Mtwara maji yakitoka, au nenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu, ule ni mwamba wa matumbawe na ni habari nyingine kabisa. Huu haubambuki, huu unaliwa. Una matundu, una ncha zinazochana viatu, na chini bahari imeukata kwa ndani ukabaki umening'inia. Hapa mistari mirefu ni marufuku. Nafanya vidoti na vijiduara vilivyovunjika, naanzia ndani ya matundu kwenye giza natoka nje kwenye mwanga, na ule mkato wa chini naupiga mweusi tiii bila kuonea huruma wino. Watu wa peni wanaogopa sana weusi, sijui kwa nini. Pasipo weusi wa kweli mahali pamoja angalau, picha nzima inabaki kijivu.

Miti. Mbuyu ngozi yake ni laini kuliko unavyodhani, inakunjamana, kwa hiyo mistari izunguke shina kwa ulalo, ikiingia kwenye mkunjo ikaribiane, ikitoka ipungue au ikatike kabisa. Angalia pia penye makovu ya kuchunwa gome la kamba, mbuyu ukichunwa haufi, unaota gome jipya, na ukingo wa kovu unavimba. Hilo kovu peke yake ndo uzee uliokuwa unautafuta! Uchore kipindi cha kiangazi ukiwa hauna majani, matawi yote yako wazi.

Mkorosho wa zamani nao mi naupenda kuliko mbuyu (najua mtabisha). Matawi yanaanza chini, yanajinyonga, mengine yanalala ardhini kabisa, yamekatwa na panga miaka na miaka, na penye jeraha utomvu unatoka unakauka. Mistari yake ifuate ule mnyongo, ukitoka kwenye shina kwenda tawi usinyanyue peni, ipeleke tu inapinda nayo. Majani usiyachore moja moja jamani, chora kivuli chini ya kichaka cha majani basi, juu acha. Miti ya ufukweni inayopigwa na kusi ukiona imelala upande mmoja, hata majani na nyasi za karibu zilalie upande huohuo.

Vifaa, umeuliza kama lazima ununue peni za bei. Hapana. Bolpeni ya kawaida inafaa, tena ina faida moja, ukikandamiza kidogo inatoa kijivu, peni nyingine haziwezi. Shida inaacha madonge, weka kitambaa pembeni ufute ncha. Ukipata zile peni za kuchorea za Micron chukua namba 01 na 05, yaani mstari wa unene wa milimita 0.25 na 0.45, zinatosha, na wino wake ukikauka hauyeyuki kwa maji. Ila kwa magome makavu hakuna kinachoshinda kalamu ya tete, waliosoma madrasa za zamani wanaijua. Kata tete kavu kwa wembe kwa mshazari, pasua ncha katikati kidogo, chovya. Inabeba wino mchache kwa hiyo mstari unaanza mweusi unaishia umekwaruza, na huo mkwaruzo ndo gome lenyewe. Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, alichora mawe na miti ya kilima cha Montmajour kule Ufaransa kwa kalamu za hivyo, Julai 1888. Lakini wino mwingi alioutumia enzi zile umepauka na kugeuka kahawia, kwa hiyo epuka wino wa rangi rangi wa kujaza kwenye kalamu, tafuta mweusi wa kaboni.

Karatasi huku pwani inavuta unyevu na wino unasambaa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni na usiiache nje usiku.

Na muda. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa jua liko kichwani, vivuli vyote vimejificha chini ya vitu, mwamba unaonekana bapa na wewe utauchora bapa. Nenda saa moja asubuhi au baada ya saa kumi.

Ile picha yako ya mbuyu usiitupe, bado inaokoleka. Mstari wa nje wa upande wenye jua huwezi kuufuta, ila upande wa kivuli ongeza mistari ya kuzunguka shina juu ya ile ya kusimama, ikatane, na penye mizizi piga weusi kabisa. Anga liache tupu hivyohivyo, alafu iweke tena hapa tuione.