Ukiliwa mara tano, ya sita si zamu yako

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, nina miaka 27. Nacheza blekijeki ya mubashara kwenye simu, ile ambayo unamwona kabisa dada anagawa karata, na mnashindana nani atakaribia 21 bila kupitiliza. Kuna jamaa kwenye kundi la Telegram aliniuzia fomula kwa shilingi 150,000. Ukiliwa unadabo dau, ukiliwa tena unadabo tena, ukila unaanza upya. Alisema ni nadra sana mtu kuliwa zaidi ya mara tano mfululizo. Wiki tatu nilikula vizuri, halafu usiku mmoja ikaondoka 635,000. Nimekosea wapi kwenye fomula? Halafu nikiwa na 16 na mgawaji anaonyesha 10, niombe karata au nibaki? Nafikiria kukopa kidogo ili nirudishe hela yangu.

JIBU: Marahaba kijana. Hukuniambia dau lako la kuanzia, lakini hiyo 635,000 imelitaja yenyewe. Ulianza na 5,000, ikaja 10,000, 20,000, 40,000, 80,000, 160,000, ukamalizia na 320,000. Jumlisha uone. Uliliwa mara saba mfululizo, na dau la nane lingekuwa 640,000, ambalo ama hukuwa nalo ama meza ililikataa. Kwa hiyo hukukosea popote. Fomula uliifuata barabara, na hapo ulipofika ndipo inapofikisha watu.

La 16 nilimalize haraka, maana ndilo swali zuri na halina maneno mengi. Meza ikiruhusu kujitoa na kurudishiwa nusu ya dau, jitoe. Isiporuhusu, omba karata. Ukiomba au ukibaki, kwa kila 1,000 unayoweka utapoteza wastani wa kama 540, na tofauti kati ya hayo mawili ni ndogo mno, kama shilingi moja. Ukijitoa unapoteza 500 na unalala. Ni mkono mbovu, na hakuna ujanja wa kuufanya mzuri. Mgawaji akionyesha 7 badala ya 10, hapo hakuna mjadala, omba. Akionyesha 6, usiguse kitu. Kwa 5 au 6 mgawaji hupitiliza 21 kama mara 42 katika 100, mwache ajichimbie mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kinachoniuma.

Nimegawa karata Dar es Salaam miaka kumi na moja, na miaka mingine sita nikasimama nyuma ya wagawaji nikiwasimamia. Sikumbuki mwezi hata mmoja uliopita bila kumwona mtu wa kudabo. Nina mmoja sitamsahau, baba mtu mzima, shati limepigwa pasi, simu ameifunika kifudifudi mezani. Meza ile kima cha chini kilikuwa 5,000 na cha juu 500,000. Alipofika 320,000 alikuwa hazungumzi tena. Alizipanga zile chipu kwa kidole kimoja, akaninong'oneza, "Hii sasa inakuja." Nikampa 20. Nikafunua yangu: 6, kisha 5, kisha 10. Akazama mfukoni, akatoa bunda jingine la noti, akaanza kuhesabu laki sita na arobaini. Nikamgongea kwa kucha kile kibao kidogo kando ya meza kilichoandikwa kima cha juu. Alikisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Alikuwa amekaa mbele ya kile kibao saa mbili nzima.

Alifanya kosa gani pale? Alikuwa na 20! Na hapo ndipo wauza fomula wanapowateka, kwa sababu wanawafundisha kwamba kuliwa mara sita ni deni ambalo meza lazima ikulipe. Meza haikudai kitu na wewe huidai kitu. Mchezaji anayecheza kwa usahihi kabisa, katika mikono 100 hula kama 42, huliwa kama 49, na iliyobaki ni sare. Ziweke sare kando, utaona kila mkono unaoamuliwa una nafasi zaidi ya nusu ya kukuliza. Mkono wa kwanza hivyo, na wa saba hivyo hivyo baada ya sita za kulizwa. Kwa hesabu hiyo, kuliwa saba mfululizo hutokea kama mara moja katika kila mizunguko 80, mzunguko ukiwa ni kuanzia dau la 5,000 hadi ule au uishiwe. Mizunguko 79 unakula 5,000, jumla 395,000. Mmoja unaondoka na 635,000. Wiki zako tatu za neema ndizo hizo 79.

Mjanja atasema nimesahau kwamba blekijeki yenyewe, yaani ree na karata yenye thamani ya kumi katika karata zako mbili za kwanza, hulipa zaidi ya dau, na kwamba ukiwa na 11 unaruhusiwa kudabo katikati ya mkono. Ni kweli, na hayo hupunguza pengo sana, ingawa hayalizibi. Ila jiulize: dau limeshafika 320,000, umepewa 11, mgawaji ana 6. Huo ni mkono wa kudabo, hata aliyelala anajua. Unayo 320,000 nyingine? Hukuwa nayo. Fomula inakufikisha kwenye mkono bora wa usiku mzima ukiwa mfuko mtupu.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa haki. Karata zenyewe, tofauti na sarafu ya kurusha, zina kumbukumbu kidogo. Ree na makumi yakishatoka mengi, yaliyobaki sandukuni ni machache, na hilo linabadilisha hesabu. Edward Thorp, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa kompyuta. Ila kinachohesabiwa ni karata zilizotoka. Nani kala na nani kaliwa havimo kwenye hesabu hiyo. Na kwenye hiyo simu yako usijisumbue: meza nyingi za mubashara zinatumia pakiti nane, na huchangwa upya zikiwa zimefika karibu nusu tu. Zile ambazo hazina mgawaji, za kompyuta tupu, huchanga kila mkono. Utahesabu nini?

Unachoweza kubadilisha ni maamuzi ya kila mkono, na ni bure. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa kambi ya jeshi ya Aberdeen, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu ya jinsi ya kucheza kila mkono dhidi ya kila karata ya mgawaji. Walitumia mashine za kukokotoa za mezani. Ni jedwali linaloenea ukurasa mmoja, na karibu miaka sabini sasa limekuwa wazi kwa kila mtu. Tenganisha ree mbili na nane mbili daima, yaani zifanye mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Makumi mawili usiyatenganishe kamwe, wala tano mbili. Kwa 12, baki mgawaji akiwa na 4, 5 au 6, vinginevyo omba. Kwa kanuni nzuri, jedwali hilo linashusha faida ya kasino hadi kama nusu asilimia. Huyo jamaa yako kakutoza laki na nusu na hata hilo jedwali hakukupa.

Na kabla ya jedwali kuna kanuni za meza, ambazo watu hawazisomi. Tafuta blekijeki inalipwaje. Ikiwa ni 3 kwa 2, dau la 10,000 linakupa 15,000. Ikiwa ni 6 kwa 5, linakupa 12,000. Blekijeki humjia mchezaji kama mara moja katika mikono 21, kwa hiyo huo upungufu peke yake unaiongezea kasino karibu asilimia moja na nusu, yaani unaila sehemu kubwa ya kazi ya jedwali. Bima, lile dau la pembeni unaloombwa mgawaji akionyesha ree, ikataeni wote. Kwa pakiti sita au nane inakugharimu zaidi ya asilimia saba ya kila shilingi unayoiweka hapo, jina tu ndilo linalowavuta.

Halafu elewa nusu asilimia ni kitu gani. Madau ya 5,000, mikono 60 kwa saa, ni 300,000 imepita mezani. Kasino inatarajia 1,500 hapo. Lakini ndani ya saa hiyo hiyo, kupanda au kushuka kwa 40,000 ni jambo la kawaida kabisa. Ile 1,500 huioni! Imezama ndani ya mawimbi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa kofia ya bahati, akadabo, akasali au akabadilisha kiti, na wiki tatu akaona "inafanya kazi." Hata nusu asilimia bado iko upande wao. Jedwali linakuchelewesha kuliwa. Mshahara halikupi.

Kinachonishangaza ni kwamba wauzaji hawa wameongezeka tangu kubeti kuhamie kwenye simu. Yupo anayeuza mikeka ya uhakika, yupo anayeuza programu ya kutabiri kile kindege cha mchezo wa kubeti kitaruka hadi wapi, yupo huyu wako wa karata. Wote wana picha za salio zilizokatwa vizuri. Mganga wa zamani angalau alikuwa anakuambia uje na kuku, ukajua umeacha nini. Nawauliza swali moja tu: ukiwa na mashine ya kutoa hela, unaiuza laki na nusu kwa fundi simu usiyemjua ili upate nini?

Na jibu lipo, linatisha. Angalia kama alikupa kiungo chake cha kujisajilia. Baadhi ya tovuti za kubeti huwalipa wanaowaletea wateja, na mikataba mingine hulipa asilimia ya kile ambacho wateja hao wanaliwa. Ikiwa ulijisajili kwa kiungo chake na mkataba wake ni wa namna hiyo, basi hata kwenye ile 635,000 ana fungu lake. Fomula inayokufanya upeleke madau makubwa haraka inamfaa sana mtu wa namna hiyo.

Kukopa hapana. Sikuombi, nakukataza, kama ningemkataza mwanangu. Unakopa kausha damu kwa riba ya wiki ili ukaweke kwenye mchezo ambao ukiucheza kikamilifu bado unakupunja. Hiyo 635,000 imekwenda, ihesabu kama simu ya mteja uliyoiunguza ukailipa, urudi mezani kwako, nina maana ile yenye lehemu na waya. Kama utaona mkono unawasha usiku, zuia akaunti, nyingi zina sehemu ya kujifungia mwenyewe, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kiasi halisi kilichoondoka.

Namba ya huyo jamaa ifute leo. Nawajua, wiki mbili hazipiti atakutumia ujumbe kwamba fomula ile ilikuwa ya zamani, na sasa kuna toleo jipya lenye dau la nane, kwa wateja wake wa mwanzo bei ni nusu.